Angalieni mkuku, si jina

Makala yenu kuhusu majahazi ni nzuri, ila mwandishi anaposema umri wa jahazi utaujua kwa jina lililoandikwa ubaoni, hapo sikubaliani naye. Chombo kikiuzwa, tajiri mpya hukipa jina alitakalo. Ukitaka asili yake, inama utazame mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, na mataruma, yaani mbavu zake za ndani. Mbao za ubavuni hutolewa kila zikioza, tanga ndiyo usiseme. Kisha vuka uende Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, ukawaulize mafundi wazee. (Lakini usiwaendee wameshika tezo, hutajibiwa!)

Halafu mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, umepitiwa mbio mno katika makala. Chombo kizima kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mabaharia wa Kiyunani waliandika habari za vyombo vya kushonwa pwani yetu hii takriban miaka 2,000 iliyopita, kabla hata mji wa Lamu haujawapo. Mwaka 2003 Zanzibar walishona mtepe mmoja upya, na kazi ile ingefaa kutajwa. Sehemu ya pili, tafadhali, tuelezeni kwa nini jahazi la misumari liliushinda mtepe kwenye biashara ya boriti.