Faiba inafuata lami, na lami ilifuata nani?

Marekani wanabishana: mtu mweusi anapokosa intaneti ya kasi nyumbani, kosa ni la rangi au la mfuko? Uchunguzi wa Pew, kituo cha utafiti cha huko, wa mwaka 2021 ulikuta wanayo asilimia 80 ya Wazungu, 71 ya Weusi. Wanaosema mfuko wana hoja nzito. Serikali ilipotoa ruzuku ya intaneti ya dola 30 kwa mwezi, kaya kama milioni 23 zilijiandikisha, mpaka fedha zikaisha mwaka 2024. Kampuni nazo zinasema faiba, ule waya wa intaneti ya kasi, unakwenda penye wateja, hautazami sura.

Rafiki yangu huku Lubumbashi alicheka aliposikia. Sisi wote ni weusi, akasema, ubaguzi utoke wapi? Ni kweli, anayekaa Golf, mtaa wa matajiri, leo ni Mkongo kama wa Katuba, mtaa wa wanyonge. Lakini mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, Wabelgiji waliukata vipande: Wazungu huku, Waafrika kule Kamalondo, katikati ukanda mtupu, eti kuzuia malaria. Komini, yaani wilaya za mji, za Kenya (si nchi, ni kwetu) na Katuba zilikuja baadaye, ng'ambo hiyohiyo ya Waafrika. Lami, mabomba na umeme vilianzia kwa Wazungu. Fundi wa faiba anatafuta lami na nguzo za umeme, anazikuta zilipoachwa. Habagui mtu, lakini anafuata njia iliyochorwa kwa ubaguzi. Ndiyo maana swali la rangi au mfuko naliona limekatwa vibaya, hata kwa Wamarekani, ambao miaka ya 1930 ramani zao za mikopo ya nyumba zilipaka mitaa ya Weusi wino mwekundu, yaani huko usikopeshe.

Hata hivyo fundi huyo simlaumu sana. Waya ukifika Katuba na umeme ukakatika jioni nzima, modemu ni pambo la mezani. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyopata leseni Kongo mwaka 2025 baada ya kukataliwa mwaka uliotangulia, haihitaji lami. Inahitaji umeme, na dola.

Kwa sasa Katuba tunanunua mega, yaani vifurushi vya intaneti ya simu, kidogokidogo kwa wachuuzi chini ya parasoli. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, masomo yakiwa mazito hupanda basi hadi mjini, akaegemea ukuta wa ofisi moja ambayo kuna mtu alimpa namba ya siri ya Wi-Fi yake. Mlinzi akimfukuza, anavuka barabara. Netiweki inafika mpaka ng'ambo.