Ni ya Mtoto, Bwana

Nimepigwa shikamoo. Mchana kweupe, Mwanga ya hapa Kigoma, ndani ya duka, mbele ya wateja, na kijana mwenye ndevu nyingi kuliko zangu. Sina ugomvi na shikamoo yenyewe. Mama yangu kanilea nayo, na wanangu nawakazania nayo kila asubuhi. Lakini ipo shikamoo ya heshima na ipo shikamoo ya kukuhesabia miaka. Mtu umechomekea, umepaka mafuta, umeingia kuulizia laptopu ya gemu, unapokewa kama mstaafu anayefuatilia mafao. Nikaitika marahaba. Ungefanya nini?

Nijitambulishe kidogo, maana heshima yangu imeguswa. Nina kazi. Nina mke mmoja na watoto wawili. Kodi ya nyumba nalipa miezi sita sita, na mwenye nyumba hajawahi kunipigia simu kwa sauti ya juu. Kwenye kamati ya harusi ya ukoo mimi ndiye mweka hazina. Sinywi. Starehe yangu ni moja: saa nne usiku, watu wakishalala, nacheza gemu. Wapo wenzangu wenye nyumba ndogo kule Ujiji na hakuna aliyewaitia kikao. Mimi nataka laptopu ndogo tu, basi imekuwa kesi.

Na lazima iwe ndogo. Kazi yangu inanipeleka Uvinza, inanipeleka Kasulu, na kipande cha mwisho cha safari ni bodaboda siku zote. Hizi laptopu za gemu za inchi 17, ukiiweka katikati yako na dereva, trafiki anawasimamisha kwa kosa la mishkaki. Ndiyo maana nikajikita kwenye inchi 14. Nimezisoma mpaka mama watoto akaanza kuikagua simu yangu, akidhani Zephyrus ni jina la mtu. Ile ASUS ROG Zephyrus G14 ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa na kilo 1.6 tu, na haikuwekwa kamera. Watu walilalamika sana. Mimi nikaona hawa ndio watengenezaji wenye huruma: bosi akisema kwenye kikao cha mtandaoni washeni kamera, unamjibu kweli tupu, bosi, mashine haina. Toleo la 2024 limekuwa jepesi zaidi, kioo ni cha OLED, kamera walisharudisha tangu 2022 (hawakunisikiliza), na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, yote wameichomelea kwenye bodi. Umenunua na GB 16, utazikwa na 16. Kuna na Razer Blade 14, nzuri kweli, ila bei yake siitaji, watoto wanaweza kusoma hapa.

Turudi dukani.

"Karibu mzee wangu, nikusaidie nini?"

"Natafuta laptopu ya gemu. Inchi 14."

Kijana akatabasamu kwa upole. "Ya mtoto?"

Sasa mtu aliyekwisha kuitika marahaba atajibu nini? "Ehe," nikasema, "ya mtoto."

"Yuko darasa la ngapi?"

"La sita."

Sina mtoto wa darasa la sita. Mkubwa yuko la pili, mdogo yuko chekechea. Huyo wa la sita alizaliwa palepale, juu ya kaunta, akiwa na miaka kumi na moja.

Kijana akaingia chini ya kaunta akatoka na mashine. Akaiwasha, kibodi ikawaka taa nyekundu. "Gemingi yenyewe hii. Ona taa." Nikaona taa. Nikaigeuza. Mgongoni ina stika ya kampuni ya bima ya huko Ulaya, yenye namba ya mali ya ofisi, na ukingo mmoja mtu kaukwangua kwa kucha mpaka akakata tamaa. Mtumba wa ofisini. Imeandika barua maisha yake yote, sasa imestaafishwa, imevalishwa taa na kuambiwa ikapigane vita.

"Ina kadi gani?" nikauliza.

"Kadi ipo. Miezi mitatu."

"Si ya dhamana. Kadi ya michoro."

"Michoro inatoa vizuri, mzee wangu. Rangi zote. Na FIFA 26 nimeshaiweka humo."

FIFA 26! EA, watengenezaji wa hilo gemu la mpira, na FIFA waliachana, ya mwisho kuitwa hivyo ni FIFA 23, kuanzia hapo ni EA Sports FC. Ningenyamaza, lakini kuna mambo hayanyamaziki.

"Sikiliza kijana," nikasema, "mtoto anataka RTX 4060. Na hataki yoyote tu, anataka iliyoachiwa walau wati 90."

Hapa niwaeleze wasiojua, maana watu wanalizwa. Hiyo chipu ya 4060 ya laptopu, jina ni lilelile, lakini kuna mashine inaipa wati 35 na kuna mashine inaipa mpaka 115. Boksi linaandika 4060, basi. Na hizi ndogo ndizo za kuchunguza zaidi, kwa sababu mwili mwembamba hauna pa kutolea joto. Unalipia simba, unapewa simba aliyefunga.

Kijana akaweka mkono kwenye kaunta. "Mtoto kasema hivyo?"

"Kasema."

"Wa la sita?"

"Anasoma sana."

"Na RAM anataka ngapi?"

"Anasema kama imechomelewa ni bora achukue 32 moja kwa moja, maana baadaye haongezi." Nilijisikia fahari. Nilianza kumpenda yule mtoto. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba pia hataki kioo cha Hz 60, kinachobadili picha mara 60 tu kwa sekunde.

"Bosi!" kijana akaita. "Bosi njoo umsikie huyu mzee, ana mtoto hatari!"

Bosi akatoka nyuma na vidole vya mkono wa kulia vikiwa juu, alikuwa kwenye ugali na mgebuka. Akasimuliwa kila kitu. Akatikisa kichwa. Akauliza anasoma shule gani, nikasema hizi hizi za hapa. Akasema nimlete Jumamosi, kuna laptopu nyuma zimewashinda mafundi wawili. Wateja wakaanza kusogea. Mzee mmoja akasema vipaji vya Kigoma vinapotea hivihivi. Mwingine akataka namba yangu kwa ajili ya simu yake isiyoingia chaji. Na pale kwenye rafu ya chaja kulikuwa na mama mmoja aliyenipa mgongo muda wote. Kitenge tu nilikiona. Akageuka.

Mwalimu wa chekechea wa mwanangu.

"Baba, habari za nyumbani," akasema, taratibu, kwa sauti ya darasani. "Huyo wa darasa la sita ndiye yupi? Mimi wa kwenu nawajua wawili."

Duka lote likaelewa jambo moja, na halikuwa la laptopu. Bosi akarudi kwenye mgebuka wake. Yule mzee wa vipaji akaangalia dari. Kijana, Mungu amsaidie, akaniinamia akaninong'oneza, "Kwa ajili ya mtoto, nakuachia laki saba."

Nimefika nyumbani, habari imeshafika. Sijui ilipanda bodaboda gani, mimi nilikuja moja kwa moja. Mama watoto amekaa mlangoni anachambua dagaa, hainui macho.

"Mama yake nani?"

Nikapima. Upande mmoja nikiri nina mtoto wa nje ambaye sinaye. Upande wa pili niseme laptopu ni yangu mimi, mtu mzima, ya kuchezea. Kwa dakika nzima sikujua upande upi una nafuu. Mwisho nikasema ukweli, nikataja na bei ya Zephyrus niliyopewa na shemeji Dar: milioni nne na laki tatu.

Akaacha dagaa. "Afadhali ungekuwa na mtoto," akasema. "Mtoto angechota maji."

Nikamwambia ni ya kazi, nitahariria video za harusi. Akacheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Lakini ngoja, tuache utani. Hata kama milioni nne na laki tatu zingedondoka leo, hii mashine itaishi vipi hapa? Chaja yake ni wati 180. Gemu zito la saa tano na nusu, uniti nzima ya LUKU imekwenda, na hiyo ni mashine peke yake, feni ya chumba hujahesabu. Umeme ukikatika (mnajua, siwezi kupoteza wino), watu wa mbali wanakwambia si ina betri? Betri ya wati-saa 73! Ukichomoa waya, mashine yenyewe inashusha nguvu ya kadi ili isife, na hata hivyo gemu zito halikupeleki mbali, saa moja ukibahatika. Nani aliitengeneza hii? Mtu ambaye soketi ya ukutani kwake haijawahi kumdanganya hata siku moja. Anaandika "beba popote". Popote pake ni sebuleni na jikoni! Mimi popote pangu ni Uvinza, vumbi jekundu, gesti yenye soketi moja iliyolegea nyuma ya kitanda, nayo lazima uikandamize kwa goti. Na gemu unalipakuaje? GTA V peke yake inavuka GB 100. Kwa bando gani? Nimewahi kuacha simu dirishani usiku kucha ipate mtandao mzuri, asubuhi imeshusha asilimia nne, bando limekufa, na mbu wameingia.

Mpwa wangu anasema ninunue Steam Deck, mashine ya gemu ya mkononi. Nikae sebuleni nimeshika kidude kwa mikono miwili, hapo shikamoo nitaipokea kwa haki.

Shemeji anasema tulia, ninunulie Kariakoo, naituma kwa basi. Shemeji huyuhuyu mwaka jana alituma blenda ikafika ni juisi ya vioo. Zaidi ya kilomita elfu moja, boksi limeandikwa USIGEUZE kwa kalamu nzito, na juu yake amekaa mtu na gunia. Hivi tunashindwaje? Kigoma hii hii Wajerumani walileta meli! Waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaipanga kwenye masanduku, ikavuka bahari, ikapanda reli mpaka hapa mwisho wa reli, ikaungwa upya na kuelea ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, wameipaka injini grisi. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na kufikia 1927 inabeba abiria kwa jina la Liemba. Miaka na miaka chini ya Tanganyika, ikafutwa maji, ikawaka.

Laptopu yangu ya sasa ilimwagikiwa chai ya rangi, nusu kikombe. Ikafa herufi A. Tangu siku hiyo mtu wangu kwenye gemu haendi kushoto; akitaka kushoto inabidi nimzungushe kwa kulia mpaka afike, na wakati huo wameshamuua. Hilo navumilia. Lakini hebu jaribu kuandika ripoti ya kazi kwa Kiswahili bila A. Nina A moja niliyoinakili kwenye barua ya zamani, naibandika kila inapohitajika. "Habari za kazi" peke yake ni A nne. Mkuu wangu aliwahi kuuliza kwa nini ripoti zangu zimekuwa fupi.

Akiba yangu mpaka leo ni milioni moja na laki tisa. Kabatini, kwenye bahasha ya kaki, zipo milioni mbili na laki nne za kamati ya harusi. Mimi si mtu wa kujumlisha vitu visivyohusiana.

Na hiyo kamati nayo! Kikao Jumamosi, mara ya ngapi sijui, ajenda ileile: viti vyenye utepe au visivyo na utepe. Wajomba wawili hawasemezani kwa ajili ya utepe. Shangazi anataka keki ya ghorofa tano, na mchango wake ni ahadi, ameandikisha "ahadi" kwa herufi kubwa. Wapishi wanataka mawese madumu manne, tumewaambia mawili. Sasa emsii kanipigia simu jioni hii, anataka laki nne. Nikamuuliza, laki nne za kusema makofi kwa maharusi? Akasema hapana mzee wangu, mimi nina vichekesho. Nikamwambia haya, nipe kimoja nikipeleke kwenye kamati wakipime.

Akasema mpaka advansi iingie.