Ukiomba ubingwa wa usingizi Marekani, acha kuhesabu machapisho

Madaktari vijana wa kwetu wanaojiandaa kuomba nafasi ya ubingwa wa usingizi (fani ya kumlaza mgonjwa kwa dawa na kumlinda wakati wa upasuaji) Marekani wana swali moja wasilochoka kulirudia: bila utafiti nitapata? Wanaouliza wamemaliza Muhimbili, Nairobi, KCMC au Makerere, wamefaulu mitihani migumu, lakini sehemu ya machapisho kwenye fomu yao ni tupu na usingizi hauwajii. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwenye fani hii utafiti ni nyongeza nzuri, hauko mstari wa mbele, na anayeacha mambo ya msingi ili arundike machapisho anajipunja mwenyewe.

Wanaochagua wamekuwa wakilisema hili waziwazi. NRMP, shirika linalolinganisha waombaji na hospitali, huwauliza wakurugenzi wa programu wanazingatia nini wanapoamua nani aitwe kwenye usaili na nani apangwe juu. Majibu yanayotawala ni alama za Step 2 CK (mtihani wa pili wa leseni ya udaktari Marekani), barua za wadhamini walio ndani ya fani, matokeo ya mizunguko ya wodini, na jinsi mtu anavyozungumza na wenzake siku ya usaili. Utafiti upo, ila chini ya hayo. Upasuaji wa ubongo ni habari nyingine: takwimu za 2022 zinaonyesha wahitimu wa Marekani waliopata nafasi huko walikuwa na wastani wa kazi zaidi ya 20 kila mmoja. Hata hivyo takwimu hizo hujumlisha pamoja ikisari, mada zilizosomwa mikutanoni, mabango na makala kamili, kwa hiyo mradi mmoja unaweza kuhesabiwa mara tatu. Kijana wa Dodoma akisoma namba hiyo anadhani mwenzake ameandika makala 20. Siyo hivyo.

Presha hii ina chanzo. Tarehe 26 Januari 2022 matokeo ya Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni hiyo, yaliacha kutolewa kwa alama, yakabaki kufaulu au kufeli. Waombaji waliokuwa wakijipambanua kwa alama hizo wakaanza kutafuta namba nyingine ya kushindania, na machapisho yakawa karibu. Wakati huohuo usingizi nao umezidi kupendwa. Hofu ni ya kweli, naielewa. Dawa waliyoichagua ndiyo ninayoipinga.

Fikiria kazi yenyewe. Mama yuko mezani kwa upasuaji wa uzazi, anavuja damu, presha inashuka, daktari mpasuaji amenyamaza ghafla. Anayehitajika pale kichwani mwa mgonjwa ni mtu mtulivu, aliyeshaandaa dawa zake kabla hazijahitajika, anayesema wazi anachokiona na kuita msaada bila kuona haya. Hakuna makala inayoweza kuthibitisha kwamba wewe ni mtu huyo. Anayeweza ni daktari wa usingizi aliyesimama nawe chumba cha upasuaji wiki kadhaa, akakuona umechoka, akakuona umekosea dozi kwenye karatasi ukairekebisha mwenyewe. Barua ya mtu huyo naiweka juu ya machapisho kumi.

Sidharau utafiti, na mtu wa usingizi ndiye wa mwisho kuruhusiwa kuudharau. Kipimo cha kumkagua mtoto mchanga dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, kinachotumika mpaka zahanati zetu, kilichapishwa 1953 na Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa New York. Mwaka 1978 Jeffrey Cooper, mhandisi aliyefanya kazi Massachusetts General Hospital, na wenzake walichapisha walichokipata kwa kuwauliza wanaotoa dawa za usingizi waeleze ajali zao: mpira wa hewa uliochomoka, sindano iliyochanganywa. Makosa mengi yalikuwa ya kibinadamu na yangeweza kuzuilika. Kazi za namna hiyo ndizo zilizosukuma masharti ya kumwangalia mgonjwa muda wote akiwa usingizini. Wote hao walianza na jambo lililowasumbua kazini.

Fani hiihii pia imeonja uchungu wa kuabudu wingi. Mwaka 2009 iligundulika kwamba Scott Reuben, bingwa wa Massachusetts aliyesifika kwa tafiti za maumivu baada ya upasuaji, alibuni data kwenye makala 21. Mwaka 2012 kamati ya chama cha madaktari wa usingizi wa Japani ilichunguza makala 212 za Yoshitaka Fujii na kukuta data za kughushi kwenye 172. Wagonjwa walitibiwa kwa kuamini kazi hizo. Ndiyo maana naumia nikisikia daktari kijana ameuziwa nafasi ya jina lake kwenye makala asiyoijua, au amelipia jarida la kilaghai lisilopitiwa na mtu yeyote. Lolote ulilojaza kwenye fomu unaweza kuulizwa. Swali la kwanza tu, "sampuli yenu mliipataje?", linatosha kukuumbua.

Zipo hali ambapo utafiti una uzito zaidi. Programu kubwa za vyuo kama Johns Hopkins au UCSF hutafuta pia watakaokuwa watafiti, na ukizitaka hizo uwe na kitu cha kuonyesha. Kwa aliyesomea nje ya Marekani, mwaka wa utafiti huko unaweza kumpatia watu wanaomfahamu na kumwandikia barua. Lakini nafasi nyingi za aina hiyo hazilipi, na kodi ya nyumba Boston haisubiri. Ukipewa uchague kati ya maabara bila mshahara na wiki chache za kushinda chumba cha upasuaji na madaktari wa usingizi, nenda chumba cha upasuaji.

Na kama unataka utafiti, anzia ulipo. Uchunguzi uliochapishwa 2018 ulikusanya wagonjwa 11,422 kwenye nchi 25 za Afrika, na ukaonyesha kwamba vifo baada ya upasuaji ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi. Data hizo zilikusanywa na madaktari wa hospitali za kawaida. Hospitalini kwako yapo maswali: akina mama wangapi presha ilishuka baada ya sindano ya mgongo, na nani aliandika? Vyumba vingapi vina kipimo cha oksijeni kinachofanya kazi? Omba kibali cha kamati ya maadili, pitia mafaili mwenyewe, andika ulichokuta. Mradi mmoja wa namna hiyo unaujua mpaka mifupa, utauzungumzia nusu saa bila karatasi.

Ila angalia kalenda. Programu huanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba. Utafiti ulioanza Julai hautakuwa umetoka kufikia hapo. Barua ya mtu uliyefanya naye kazi Julai inaweza kuwa imeshafika.