Tunadai majimbo, lakini kufuli liko wapi?

Kila mjadala wa Katiba Mpya unapoibuka, huku Nyanda za Juu Kusini hakosekani wa kudai majimbo: mahindi yetu, chai yetu, parachichi zetu, basi na serikali iwe yetu. Madai hayo yana uzito, ila wingi wa madaraka yaliyoshushwa chini haujawahi kuifanya nchi kuwa shirikisho, yaani nchi ya majimbo yenye serikali zake. Cha kuuliza ni nani anaweza kuyachukua tena, na kufuli la Katiba la kumzuia liko wapi.

Tazama mkoa wa Songwe. Ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kama Njombe ilivyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata utaratibu wa sheria. Marekani huwezi kukata jimbo jipya ndani ya jimbo jingine bila ridhaa ya bunge la jimbo hilo pamoja na Kongresi. Ujerumani ilijaribu kuunganisha Berlin na Brandenburg mwaka 1996. Wapiga kura wa Brandenburg wakakataa, yakabaki majimbo mawili.

Kwenye fedha ndiko tofauti inakouma. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipumua, na hilo silipingi. Lakini halmashauri inayoishi kwa viazi na mahindi haikuwa na kifungu cha Katiba cha kushika, maana ushuru ule ni wake kwa idhini ya sheria tu. Kodi ya majengo nayo ilihamia TRA, Mamlaka ya Mapato ya serikali kuu, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, malipo ya kabla ya umeme. Ibara ya 145 inataka serikali za mitaa ziwepo. Zitakula nini, haisemi.

(Muungano wetu unachanganya zaidi. Kilimo si jambo la Muungano, lakini kwa kuwa hakuna serikali ya Tanganyika, kilimo cha Mbozi, wilaya ya Songwe, kinasimamiwa na Serikali ya Muungano.)

Sasa upande wa pili, ambao wadai majimbo huuruka: maji. Ruaha Mkuu unapita Usangu, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, kisha unaingia hifadhini na kwenda kuzalisha umeme Mtera na Kidatu. Leo ugomvi huo uko chini ya serikali moja na bodi moja ya bonde, na bado ni mgumu. Weka mpaka wa majimbo katikati uone. India, majimbo ya Karnataka na Tamil Nadu yaligombea maji ya mto Kaveri: baraza la usuluhishi liliundwa mwaka 1990, likatoa uamuzi 2007, na Mahakama ya Juu ikahitimisha 2018. Mpunga haungoji miaka 28.

Ndiyo maana mimi ningeiangalia Kenya, ambayo si shirikisho. Kaunti zake 47 zimeandikwa kwenye Katiba ya 2010, haziondolewi bila kura ya maoni, na kwa pamoja zinagawiwa walau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kufuli hilo lina tundu: asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, kwa hiyo zikichelewa, kinachotumika ni mapato ya miaka ya nyuma. Anayetaka kuliiga aandike na muda wa mwisho wa kuidhinisha hesabu.