Saa moja si saa saba iliyokosewa

Simu inaonyesha 7:00, mwenye simu anasema "saa moja". Wanaotaka tuachane na desturi hii wana hoja fupi: soma kilichoandikwa. Kwao saa ya Kiswahili ni saa ya Kizungu iliyorudishwa nyuma kwa saa sita, mzigo wa bure katika dunia ya tiketi za ndege na mikutano ya mtandaoni. Hoja ina uzito wake, nitaifikia. Ila hapo kwenye "iliyorudishwa nyuma" wameteleza.

Hesabu ya Kiswahili haikutoka kwenye saa ya ukutani. Inahesabu saa za mchana tangu kunapopambazuka na saa za usiku tangu giza linapoingia. Ukisema saa moja asubuhi, umesema saa ya kwanza ya mchana imetimia. Saa tatu, robo ya mchana imekwenda. Saa sita, jua liko utosini. Anayeambiwa sasa ni saa tisa hana haja ya kujumlisha wala kutoa: zimebaki saa tatu giza liingie, na kama ana mpunga juani au nguo kambani, anajua la kufanya. Ile 3 PM inamwambia tu kwamba tangu adhuhuri zimepita saa tatu. Wala hatuko peke yetu. Waethiopia na Waganda nao wanahesabu hivyohivyo.

Ushahidi ninaouona mtamu kuliko yote umo kwenye Injili. Watu wa zama zile nao walihesabu mchana tangu kupambazuka, kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hakulazimika kugusa namba. Chukua mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Jioni wote wanapewa dinari moja moja. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo pembeni kuelewa kwa nini wale wa kwanza walinung'unika: wamepigwa na jua kutwa nzima, na hawa wa mwisho wameshika jembe saa moja tu. Zipo tafsiri za Kiingereza ambazo zimelazimika kubadilisha namba na kuandika tano ya alasiri ili wasomaji wao waone kitu kilekile. Au yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4, anayekuja kisimani yapata saa sita. Ukiisoma kwa Kiswahili unashtuka kabla hajafungua mdomo, maana maji huchotwa asubuhi au jua likipoa. Nani anakwenda kisimani saa sita, na kwa nini hataki kukutana na wenzake? Swali lote limebebwa na namba ile.

Hesabu hii ina pacha wake, nayo ni siku inayoanza jua likizama. Mwezi unaandama magharibi, na kwa Waislamu wa pwani "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoingia Alhamisi baada ya magharibi. Ili wote waelewane, Kiswahili kikatengeneza maneno ambayo sijaona lugha ya ofisini ikiyazidi: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Sasa tazama tiketi ya ndege iliyoandikwa Ijumaa 00:30. Abiria anafunga mizigo Ijumaa mchana, anafika uwanjani Ijumaa usiku, kumbe ndege iliondoka saa ishirini na kitu zilizopita. Angeambiwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa, asingeachwa.

Upande wa pili wana mambo mawili mazito. La kwanza ni jiografia. Mchana wa saa kumi na mbili ni mali ya watu wa karibu na ikweta. Dar es Salaam jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kamili, au karibu na hapo, na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, mwaka mzima. Peleka hesabu hiyo London: mwezi wa Juni unasema "saa tatu usiku" na jua liko dirishani, Desemba unasema "saa moja asubuhi" na ni giza totoro. Hata nyumbani haikai sawa. Kigoma iko magharibi ya Dar kwa karibu nyuzi kumi za longitudo, na kila uzi ni dakika nne, hivyo jua linachelewa kiasi cha dakika arobaini ingawa saa ya nchi ni moja. Saa kumi na mbili asubuhi ya Kigoma, taa bado zinawaka.

La pili ni maandishi, na hapa malalamiko ni ya haki kabisa. Andika "saa 12:00" peke yake kwenye tiketi ya basi, umeandika nyakati nne: alfajiri, adhuhuri, magharibi na usiku wa manane. Kibaya zaidi ni tafsiri nusunusu. Mtu anatoa 8 PM, anaacha namba, anabadilisha herufi tu: "8:00 usiku". Msomaji anaelewa saa nane usiku, wakati watu wamelala. Lakini kosa hilo ni la aliyechanganya hesabu mbili kwenye mstari mmoja, na dawa yake si kuua hesabu mojawapo. Kugeuza kwenyewe ni kazi ya jicho: kwenye saa ya mishale, soma namba inayotazamana na mshale mfupi, ng'ambo ya pili. Kwa saa ya tarakimu toa sita, na ikibaki zaidi ya kumi na mbili toa kumi na mbili tena: 20:00 inakuwa 14, kisha 2, saa mbili usiku. Kabla ya 07:00 unajumlisha sita badala ya kutoa: 03:00 ni saa tisa usiku. Dakika haziguswi. Kwenye karatasi ya umma ziandikwe zote mbili, na sehemu ya siku isiachwe: saa 12:00 asubuhi (06:00).

Nani amewahi kudai turekebishe juma? Jumatano ni siku ya tano kwa Kiswahili, Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu, zimekaa bega kwa bega na hakuna aliyekosa sokoni kwa sababu hiyo.

Pahali pa kuogopa kweli ni dirisha la dawa. "Mpe kila saa nane" na "mpe saa nane" zinatofautiana kwa neno moja, na mama mwenye mtoto analia mgongoni anaweza kulikosa, akatoa dozi moja kwa siku badala ya tatu. Walimu wa sarufi wanakataza "masaa", lakini mtaani neno hilo lina kazi: masaa nane ni muda, saa nane ni wakati. Mtoa dawa asiyetaka kugombana na walimu ataje nyakati zenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, kisha amwombe mama azirudie kabla hajaondoka dirishani.