Kidole tumbo kikishatolewa, kipimwe au kitupwe?

Huku Mwanza mtu akifanyiwa opresheni ya kidole tumbo ndugu wanauliza kama kaamka, halafu wanauliza bili, kile kinyama chenyewe hakuna anayekiulizia. Mimi nasema kipelekwe patholojia, yaani maabara inayochunguza nyama ya mwili kwa darubini, kila kimoja, japo wanaobisha nawaelewa.

Uvimbe unaoota kwenye kidole tumbo, yaani tyuma, siyo kule kuvimba kwa kawaida, ni adimu kweli, unakutwa kwa kama mtu 1 kati ya 100 wanaokatwa. Sasa mtu katoka Ukerewe, kauza mbuzi alipie upasuaji, leo umwambie aongeze hela ya maabara na apande tena meli kufuata majibu? Na madaktari wa patholojia ni wachache, ukiwajazia makopo ya vidole tumbo, mama mwenye uvimbe wa titi naye anazidi kusubiri. Hili ndo linaniumiza kichwa.

Ila macho hayatoshi jamani. Daktari anaona kidole tumbo kimevimba kina usaha basi, kumbe wakati mwingine uvimbe ndo ulioziba njia mpaka kikavimba, na ultrasaundi mara nyingi haiuoni. Chukua aina inayoitwa kasinoidi: ukiwa chini ya sentimita 1 kwa kawaida ukishakatwa umepona, ukizidi 2 mara nyingi inabidi kuondoa na sehemu ya utumbo mpana upande wa kulia, na hapo katikati madaktari wenyewe bado wanajadiliana. Bila kupima utajuaje uko wapi? Halafu kuna ile inayotengeneza ute, ikipasuka ute unasambaa tumboni taratibu, tumbo linajaa miaka na miaka, wanawake wanaambiwa ni ovari, na huku kwetu tumbo likijaa watu wanawaza kichocho, ini, TB, wengine wanasema karogwa.

Wapo wanaoshauri wapimwe wenye zaidi ya miaka 40 tu. Inapunguza gharama sawa, lakini kasinoidi inakutwa sana kwa vijana, hao ndo utawaacha. Na huku ziwani kuna faida nyingine, darubini huwa inakuta mayai ya kichocho kwenye kidole tumbo, na huyo anahitaji prazikwanteli, dawa ya kichocho.

Kwa hiyo ndugu, kabla ya opresheni uliza kinyama kitaenda wapi. Ukikabidhiwa wewe ukipeleke, hakikisha kiko kwenye kopo la fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, na kimezama chote, kikiwekwa kikavu kwenye glovu kinaoza na hela imeenda. Andikisha namba ya simu kwenye fomu, maana majibu yakikaa kabatini na mgonjwa yuko Nansio kule Ukerewe ni sawa na hakupimwa.