Oman ya Ndani: Mtalii Apite, Maji Yabaki

Katika kijiji cha Misfat al-Abriyeen, kilichong'ang'ania ubavu wa mlima juu ya mji wa al-Hamra, maji si ya mtu mmoja. Yanatoka kwenye chemchemi na kuingia kwenye mfereji mwembamba uitwao falaj. Watu huchota kwanza ya kunywa, kisha yanapita msikitini, kisha mahali pa kuogea, ndipo yateremke kwenye mashamba ya mitende na ndimu yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Kila familia ina zamu yake. Kipimo cha zamu huitwa athar, takriban nusu saa, na zamani kilihesabiwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Siku hizi ukingoni mwa mfereji huohuo anapita mtalii na kamera yake.

Nimeanza na maji kwa makusudi. Utalii wa Oman ya ndani, yaani ile nchi ya ngome, mitende na mchanga iliyo nyuma ya milima ya Maskati, hujadiliwa zaidi kwa hesabu ya vyumba na idadi ya wageni. Mimi naamini kipimo chake ni falaj. Mgeni akishaondoka, je, maji bado yanapita, na yupo mtu wa kuipokea zamu yake?

Wanaoutetea utalii wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza. Mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka, Oman nzima ilikuwa na kilomita 10 hivi za lami na shule 3. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1967. Fedha zilipoenea, watu wa vijiji vya udongo walishuka wakajenga nyumba za saruji kando ya barabara, zenye umeme, maji ya bomba na kiyoyozi. Nani atawalaumu? Joto la Juni kule si la kusimuliwa. Lakini nyumba ya udongo ni kama mgonjwa anayetaka kuuguzwa kila mwaka. Ikikosa mtu wa kuikandika upya na kubadilisha maboriti ya mtende, misimu michache ya mvua inatosha kuiangusha. Ndiyo sababu leo al-Hamra, Birkat al-Mouz na Manah kuna mitaa mizima iliyobaki kuta zisizo na paa.

Kilichorudisha paa katika baadhi ya mitaa hiyo ni watalii. Misfat, wenyeji waligeuza nyumba za mababu zao kuwa nyumba za kulala wageni, na mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa likakiweka kijiji hicho katika orodha yake ya vijiji bora vya utalii duniani. Nizwa, mtaa wa al-Aqr uliokuwa ukimomonyoka nyuma ya ngome sasa una mikahawa na nyumba za wageni ndani ya kuta zilezile. Al-Hamra, katika nyumba ya Bait al-Safah, akina mama huwaonyesha wageni namna ya kuoka mkate mwembamba kama karatasi na kutwanga kahawa. Bila mgeni wa kutazama, ujuzi huo ungezikwa na bibi wa mwisho aliyeujua.

Kuna ushahidi mwingine ambao watetezi hawautaji mara nyingi, nao ni choroa. Choroa weupe wa Arabuni walitoweka kabisa porini mwaka 1972. Oman ikawarudisha jangwani mwaka 1982, katika tambarare ya Jiddat al-Harasis, na mwaka 1994 hifadhi yao ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 1996 walikuwa 450. Ujangili na kuharibika kwa makazi yao vikawapunguza hadi 65. Kisha serikali ikaikata hifadhi kwa asilimia 90 ili mafuta na gesi vitafutwe, na mwaka 2007 UNESCO ikaifuta katika orodha. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa eneo kufutwa. Jangwa lisilo na watu wenye riziki ya kulitetea huliwa na mwenye mtambo wa kuchimbia. Hoja hiyo mimi siwezi kuipangua.

Sasa upande wa pili. Nenda Nizwa Ijumaa asubuhi, kwenye mnada wa mbuzi chini ya ngome. Wauzaji huzunguka na wanyama wao, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, bei inapigiwa kelele. Ni biashara ya dakika chache kwa kila mbuzi, na muuzaji anahitaji kuonana uso kwa uso na mnunuzi. Watalii wakijipanga mbele kutafuta picha, mzee aliyetoka mlimani alfajiri hamwoni tena anayetaka mbuzi wake. Ibra nako lipo soko la Jumatano la wanawake, walilojitengea ili wauziane vitambaa, manukato na mapambo bila macho ya wanaume. Mwanaume anayeingia humo na kamera kwa sababu amelipia safari anaua kitu kilekile alichokuja kukiona.

Kwenye mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita Wahiba, hali ni nyingine. Jangwa hilo lina urefu wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini. Magari hupunguza upepo wa matairi pale Bidiya, kisha huanza kupanda na kuteremka vilima vya mchanga kwa starehe tu. Mchanga wenyewe utajipanga upya. Vichaka vya malisho na miche ya mghafu, mti unaompa ngamia kivuli na majani, havifufuki kwa urahisi huo.

Halafu kuna ukarimu. Bedui humpokea mpita njia kwa kahawa na tende kabla hajamuuliza shida yake, na desturi ya Kiarabu humpa mgeni siku tatu. Sisi nasi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili zinakaribiana kuliko zinavyoonekana, maana zote zinamfanya mgeni awe mtu mwenye deni. Hakulipa fedha, kwa hiyo anawiwa heshima, subira, na siku moja naye kupokea. Kiswahili kimetofautisha mgeni na mtalii, na nafikiri kimeona mbali. Kahawa ikishapangiwa bei na saa, anayeinywa hawiwi chochote. Siwalaumu familia za jangwani zinazopokea magari ya watalii. Malisho yamepungua na watoto wanataka ada. Ila tusiite mauzo hayo ukarimu, wala tusishangae kijana wa nyumba hiyo akijifunza kwamba kila anayebisha hodi ni mteja.

Na maji? UNESCO iliiorodhesha mifereji mitano ya Oman mwaka 2006, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, kati ya 3,000 hivi ambayo bado inatumika. Ilionya pia kwamba maji ya chini ya ardhi yanashuka. Bwawa la kuogelea na bustani ya majani mabichi katika nchi kame vinashindana na mtende, hata kama hakuna anayesema hivyo kwenye tangazo. Hapa ndipo ninapotenganisha utalii na utalii. Nyumba ya wageni ya Misfat inamhitaji mtende ulio dirishani mwake. Mtende ukikauka, mgeni haji. Mwenye nyumba ana zamu ya maji na ana ndugu wa kumkemea. Hoteli inayomilikiwa na mtu wa mbali, yenye kisima chake na ukuta wake, haimhitaji jirani wala mfereji wa jirani. Ningekuwa na sauti, ruhusa ya kujenga ingepita kwanza kwa wakili wa falaj, yule msimamizi ambaye wenye zamu wamemkabidhi mfereji wao.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili. Ngome ya Nizwa ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698 Waomani wa ukoo wake huohuo wa Yaarubi wakaitwaa Fort Jesus ya Mombasa. Majumba makubwa ya Ibra yalisimama kwa mali ya Zanzibar na bara yake: pembe, karafuu, na watu waliouzwa. Wengine kati ya watu hao waliletwa hukuhuku Oman kulima mitende, wakati tende zake zikipakiwa kwenda hadi Marekani. Baada ya 1964 wengi wenye asili ya Oman waliikimbia Zanzibar, na baada ya 1970 Sultani akawaita. Ndiyo sababu Kiswahili kinasikika Maskati, Ibra na Nizwa, na mishkaki huchomwa kando ya barabara kwa jina lilelile.

Mlango uliochongwa wa majumba hayo ya Ibra hupigwa picha nyingi. Anayeusimamia mbele ya wageni na kutaja pembe na karafuu pekee amewaonyesha nusu ya nyumba, na hilo linaniuma kuliko magari ya mchangani, kwa sababu kulirekebisha hakuhitaji kisima wala saruji. Wanaoweza kuieleza nyumba hiyo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili tayari wanaishi Ibra. Wapewe kazi hiyo, na majina ya waliouzwa, pale yanapokumbukwa, yatajwe sebuleni kahawa ikimiminwa.